Ngazi ya Taifa

"Mwalimu, mambo haya yanaangaliwa kwa ngazi ya taifa." Niliambiwa hivyo Masasi, kwenye baraza ya ukumbi wa mikutano, na kijana niliyemfundisha jiografia sekondari. Ni mpole, hana makuu, na alinipa shikamoo yake kabla hata sijamtambua. Hakukusudia kunivunjia heshima. Ndiyo maana kauli yake imenikaa rohoni. Angekuwa mjeuri ningekuwa nimeshaisahau.

Kisa chenyewe ni kifupi. Katika kijiji kimoja upande wa Newala yuko mzee ambaye kwa miaka mingi amekuwa akisoma kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi anafungua chombo, anamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, anainama hadi macho yalingane na maji, kisha anaandika milimita kwenye daftari alilochora safu zake mwenyewe kwa rula. Kijana wetu, alipokuwa akisomea uzamili wa mabadiliko ya tabianchi, alifikia kwa mzee huyo, akala ugali wake wa muhogo, akapiga picha kurasa zote za madaftari, akarudi chuoni. Tasnifu ikapita. Kwa tasnifu hiyo akapata kazi kwenye mradi, na mradi ukaandaa semina Masasi kuhusu wakulima wa korosho na tabianchi. Mzee alisikia, akapanda gari akateremka. Mlangoni akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha ya washiriki, kwa hiyo posho hakuna wala nauli, ila akipenda anaweza kukaa nyuma. Akakaa nyuma. Ukutani ikaonyeshwa grafu ya mvua za kijiji chake, na chini yake, penye chanzo cha takwimu, paliandikwa jina la mwenye tasnifu. Nilipomuuliza kijana habari hiyo ndipo nikajibiwa ngazi ya taifa.

Posho si hoja. Ingeweza kumalizwa kwa kupiga simu moja, na nadhani imeshamalizwa. Ninachotaka kukichunguza ni fikra iliyomwezesha kijana mwema kunitamkia maneno yale bila kusita.

Maana za maneno tusizigombanie. Hali ya hewa ni ya leo na kesho. Tabianchi ni mwenendo wake wa muda mrefu, kwa desturi miaka 30. Sera ni yale ambayo serikali imeamua kuyafanya au kutoyafanya. Anayetaka zaidi afungue kitabu chochote cha kidato cha sita. Swali langu ni jingine: mtu akisomea tabianchi na sera zake hadi uzamili, masomo hayo yanamgeuza kuwa nani, na yanamwacha na deni kwa nani?

Jibu la kawaida ni kwamba yanampa ujuzi na kumfungulia milango. Kweli. Aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Sokoine kule Morogoro ambako Norway iligharamia mpango mkubwa wa utafiti wa tabianchi kuanzia 2009, anaweza kubisha hodi Mamlaka ya Hali ya Hewa, Ofisi ya Makamu wa Rais upande wa mazingira, kwenye mashirika na miradi, hata kwenye mabenki, kwa kuwa tangu 2019 CRDB imeidhinishwa kupitisha fedha za Mfuko wa Tabianchi wa Kijani. Siku hizi ipo pia biashara ya kaboni, ambayo kituo chake cha taifa kiko hapo hapo Sokoine. Angalia lakini milango hiyo iko wapi. Dodoma, Dar es Salaam, Morogoro. Newala mlango uliopo ni wa afisa mazingira wa halmashauri, mwenye meza moja na pikipiki inayotembea siku mafuta yanapokuwepo.

Ila milango ni sehemu ndogo ya habari. Masomo haya yanafanya jambo la ndani zaidi: yanamfundisha mtu asimame wapi ili aone. Elimu ya tabianchi, kwa asili yake, ni elimu ya kupanda juu. Mvua ya juzi Newala ni habari ya juzi tu. Iunganishe na ya miaka 30, na ya vituo vingine vyote vya kusini, ndipo inaitwa maarifa. Mwanafunzi anafundishwa kutoliamini tukio moja, kutomwamini mzee mmoja anayesema mvua za zamani zilikuwa kubwa, kungoja hadi idadi itoshe. Ni sahihi kabisa. Hata mimi darasani niliwafokea waliofanya siku moja ya joto kuwa ushahidi wa dunia nzima. Tatizo ni kwamba tabia hiyo haibaki kwenye kompyuta. Inamfuata mtu hadi kwenye uamuzi wa aishi wapi, amsikilize nani, kipi kihesabiwe kuwa kazi. Akishazoea kwamba maana ya jambo inapatikana pale takwimu zinapojumlishwa, ataona pia kwamba maana ya maisha yake iko huko huko zinakojumlishwa, na kituo cha kusomea mvua ni mahali pa kupita tu.

Nimeyaona yale madaftari. Safu za milimita ni safi, na mzee hakuishia hapo. Pembeni, kwa mwandiko mdogo wa kubana, ameandika: ukungu mzito, mikorosho inachanua. Umande hadi saa nne. Kusi kali, maua yamepukutika. Hayo ni ya Juni, Julai na Agosti, miezi ambayo safu ya mvua ina sifuri tupu kuanzia juu hadi chini. Sasa muulize mkulima yeyote wa Newala au Tandahimba mwaka wake unaamuliwa lini. Mkorosho unachanua kiangazi, na adui yake mkubwa, ugonjwa wa ubwiriunga, hangoji mvua. Anapenda alfajiri zenye ubaridi na unyevu, anakalia ua changa kama majivu meupe, na ua likishakauka hakuna korosho. Mkulima anatazama ukungu wa asubuhi ili aamue kama apulize salfa tena au ahifadhi mfuko uliobaki. Uamuzi huo ni pesa, na mara nyingine ni deni kwa mtu wa kangomba, anayenunua korosho kwa bei ya kutupa zikiwa bado ziko mtini. Kwa ufupi, ya korosho yalikuwa pembeni ya ukurasa. Tasnifu ilichukua milimita, ikazilinganisha na kilo zilizouzwa, ikasema uhusiano upo lakini ni dhaifu. Simlaumu kijana kwa hesabu. Pembeni hapajumlishiki, na kisichojumlishika hakipandi.

Nimekwisha sikia pingamizi za kila namna. Kwamba msomi naye ana haki ya mshahara na shule nzuri ya watoto: ana haki, na anayempinga na aende yeye akaishi bila mshahara. Kwamba kijijini hakuna nafasi za kuajiriwa: ni kweli, na kosa si la msomi. Kwamba binti mwenye uzamili akirudi nyumbani huulizwa kwanza habari ya mume na watoto, na kazi yake baadaye sana: hilo ni zito kuliko mengine, na sina la kulijibu.

Pingamizi linalonikosesha usingizi ni lile la ngazi. Linakwenda hivi: msomi akiwekwa kijijini atawanufaisha wakulima mia mbili, akiwekwa Dodoma, akaingiza mstari mmoja kwenye mkakati wa taifa, atawanufaisha mamilioni, kwa hiyo anayewapenda wakulima kwa dhati anapaswa kuwaacha. Lisikilize vizuri. Ni hoja inayogeuza kuondoka kuwa aina ya juu ya kubaki. Sijapata kusikia hoja nyingine ambayo kila mara humwelekeza msemaji kule kule kwenye mshahara mkubwa, naye akaiita kujitoa mhanga.

Tuichukulie kwa dhati hata hivyo, maana wanaoisema si wajinga. Kwanza inadhania kwamba manufaa yakishakusanywa juu yatateremka yenyewe. Watu wa uwanda wa Makonde ndio wa mwisho duniani wa kuambiwa hivyo. Ardhi yetu ya juu ni mchanga unaomeza mvua yote. Mto hakuna, chemchemi ziko chini mabondeni. Ili maji yafike Newala yalipaswa kusukumwa kwa mitambo kutoka bonde la Kitangari, kule Mitema, na Wafini walitumia miaka kama 20, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na fedha nyingi, kuhangaika na pampu na mabomba ya Mtwara na Lindi. Pampu ikilala, watu wanarudi kwenye visima vyao vya kuvunia maji ya mvua. Kati ya palipo na kitu na palipo na kiu lazima pawe na mtambo, na mtu anayeukesha. Hoja ya ngazi haisemi neno juu ya mtambo. Inahesabu lita zilizoko kwenye tangi kama lita zilizokwisha kunywewa.

Tena kusini tuna kumbukumbu ya karibu. Hadi 2018 sheria ilitaka asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje irudi kuendeleza zao lenyewe: miche, viuatilifu, utafiti wa Naliendele. Juni mwaka huo sheria ikabadilishwa, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa kusini walipiga kelele bungeni. Jibu walilopewa, ukiliondolea mapambo, lilikuwa ni ngazi ya taifa: fedha ni za nchi nzima, zikikaa Hazina zitawafikia wote, na nyinyi mmo. Sisemi kwamba hoja ile haikuwa na chembe ya haki. Korosho si ya Mtwara peke yake, na barabara za nchi nzima zinajengwa kwa fedha hizo hizo. Ninachosema ni kwamba tulishawahi kuisikia, na tunajua jinsi inavyosikika ukiwa mlimani unangoja salfa.

Pili, hoja hiyo inadhania kwamba kinachofika juu ni kile kile kilichotoka chini, kimeongezeka ukubwa tu. Mabadiliko ya njiani haiyaoni. Modeli za tabianchi za dunia zinaugawa uso wa dunia kwa miraba, na mraba wa kilomita mia kwa mia ni wa kawaida kabisa. Mraba mmoja kama huo unazimeza Masasi na Newala kwa pamoja: Masasi ya chini penye joto na milima yake ya mawe, na Newala ya ukingoni kwenye upepo na ukungu, ambako ukisimama Shimo la Mungu asubuhi unaona mawingu yako chini yako. Ndani ya mraba ule sisi sote ni mahali pamoja pa wastani, mahali ambapo hapajawahi kuzaliwa mtu. Wataalamu wa modeli wanalijua hilo kuliko mimi. Wana mbinu za kuushusha mraba, na wanakiri mipaka yake kwa unyenyekevu ninaouheshimu. Wanaoutumia mraba kupangia maisha yao na ya wenzao hawana unyenyekevu huo.

Maneno nayo hubadilika yakipanda. Ripoti ya 2007 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ile ya mwaka ambao Jopo lilishiriki Tuzo ya Nobel ya Amani na Al Gore, ilisema kwamba kufikia 2020, katika baadhi ya nchi za Afrika, mavuno ya kilimo cha kutegemea mvua yangeweza kupungua kwa hadi asilimia 50. Sentensi hiyo ilizunguka dunia nzima. Ilisomwa majukwaani, ikawekwa kwenye maombi ya fedha, "baadhi ya nchi" ikamezwa njiani ikabaki Afrika. Watu walipokuja kufuatilia chanzo, wakakuta andiko la 2003 lililohusu Morocco, Algeria na Tunisia, nchi tatu za pwani ya kaskazini zenye majira yao. Mkulima wa Newala alitishwa kwa ukame wa Morocco, na mkulima wa Morocco hakujua kwamba habari zake zilikuwa zinamwombea mtu mwingine fedha. Nani alidanganya? Pengine hakuna. Kila aliyeibeba sentensi ngazi moja aliiacha nyepesi kidogo kuliko alivyoikuta.

Tatu, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira, hoja ya ngazi haiwezi kushindwa. Muulize msemaji: ule mstari uliouingiza kwenye mkakati umemfikia nani, mwaka gani, kijiji gani? Atakujibu kwamba ni mapema mno kupima, au kwamba athari za sera si za moja kwa moja. Bibi shamba akikosa kufika kijijini wiki mbili anaulizwa na mwenyekiti mbele ya watu. Wa juu haulizwi, kwa kuwa aliowanufaisha ni wengi mno kiasi cha kukosa majina.

Nitoke njiani kidogo, maana kuna kisa siachi kukisimulia. Mwaka 1906 alifika kwetu Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig. Hakuwa amepanga kuja. Alikusudia kwenda Kondoa Irangi; machafuko yakamzuia, akaelekezwa kusini, ambako vita ya Maji Maji ilikuwa imetoka kupita. Basi akazunguka Masasi na Newala kwa miezi kadhaa, na mashine yake ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta, akirekodi nyimbo na kupiga picha hata za kutembea. Mwaka uliofuata akawa mkurugenzi wa makumbusho. 1908 kitabu chake kikatoka, 1909 kikatoka kwa Kiingereza. Newala ilimjenga, wala hakuichagua.

Kati ya aliyoyaandika imo hadithi ya asili ya Wamakonde, ambayo wazee wetu nao wanaijua. Mtu wa porini, asiyeoga, alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha, na asubuhi ikawa mwanamke. Wakaishi karibu na mto. Mtoto akazaliwa amekufa. Wakapanda juu kidogo. Wa pili naye akafa. Wakapanda hadi juu uwandani penye vichaka, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wakawausia wana wao wasikae mabondeni kwenye maji mengi. Sielewi kwa nini hadithi hii haifundishwi kwenye darasa la sera. Ina majaribio matatu, ina mwinuko unaobadilishwa hatua kwa hatua, ina matokeo yanayopimwa kwa uhai wa mtoto, na mwishoni ina agizo la makazi. Leo tungetaja mbu na malaria. Ina pia gharama isiyosemwa: kwa vizazi, waliolipia agizo hilo ni wanawake, walioshuka gengeni usiku na kupanda na mitungi kichwani. Kila sera ina shingo yake inayoibeba. Ila wenye sera hii waliishi ndani yake. Mtunzi alikunywa maji yale yale.

Narudi kwenye deni. Weule alikuwa mgeni, alilipa vijisenti vyake akaondoka. Kijana wangu ni mtoto wa hapa. Kwa Wamakonde, na kwa Wayao na Wamakua wa Masasi vilevile, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti juu ya mpwa. Karo yake ya sekondari ilitoka kwenye korosho za mjomba. Shahada ya kwanza aliisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, na Bodi inalijua deni lake hadi shilingi. Kila mwezi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na siku moja itamwandikia kwamba amemaliza. Mjomba hana barua ya kumaliza. Mzee wa kipimamvua ndiyo kabisa, hayumo hata kwenye orodha ya wanaodai. Je, deni lisilo na kiwango ni deni? Wapo wanaosema kwamba deni lisilopimika ni minyororo, kwamba ndivyo ukoo unavyowala wasomi wake hadi mifupa, na nimewaona walioliwa. Nami naona kwamba deni linalopimika likishalipwa linamfanya mtu asijuane na aliyemkopesha. Hapa nimekwama kati ya mambo mawili, kila moja ninaliona kwa macho yangu.

Na kuna kimbunga Kenneth. Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza kwamba kimbunga kinakuja kutoka upande wa Komoro, na Mtwara iko hatarini. Shule zikafungwa, watu wakaambiwa wahame mabondeni na kando ya bahari. Tarehe 25 usiku kikapiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, kikaangamiza vijiji. Sisi tukapata upepo na mawingu. Kesho yake sokoni watu waliwacheka wataalamu. Mimi sikucheka. Hakuna bwana shamba, hakuna mzee wala daftari la Newala ambalo lingekiona kitu kile kikiwa bado baharini. Aliyekiona alikuwa mtu aliyesoma sana, ameketi mbali sana, akitazama miraba ya aina ile ile niliyoisema vibaya hapo juu. Kingekata kona kidogo kaskazini, kila kijiji chetu kingekuwa na deni kwake, na jina lake asingelijua mtu.

Kwa hiyo siwezi kusema ngazi ya taifa ni uongo. Nasema haitoshi kuwa jibu la kupewa mzee aliyekaa nyuma. Na ninapojaribu kusema jibu gani lingetosha, nabaki na vitu vidogo vya aibu: jina lake chini ya grafu, safu ya pembeni ya daftari kuandikwa upya na mtu anayejua kuisoma, mwenye tasnifu kurudi kila Julai, mwezi wa ukungu, hata kama mradi umekwisha. Kijana atasema hayo si sera. Atakuwa amesema kweli, na sijui kama hiyo ni kasoro ya hayo mambo au ni ya sera.

Wiki iliyopita binti mmoja aliyemaliza shahada yake ya kwanza alinifuata na mjomba wake, wote wamekaa kwenye benchi moja, wakiuliza kama korosho za mwaka huu ziende kwenye uzamili wa tabianchi au kwenye bati la nyumba. Binti alitaka nimwambie atapata kazi. Mjomba alitaka nimwambie atarudi. Nilisema dirisha la maombi linafungwa kabla ya mnada wa kwanza wa korosho, kwa hiyo ada ya fomu itafutwe mahali pengine, na tukaanza kubishana itafutwe wapi.